Kabla hujalipia kupandikizwa nywele

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 26. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye mapanja nikiwa na miaka 22, na sasa utosini naona ngozi. Baba na mjomba wote wana vipara. Nimeacha kupiga picha, kofia siivui hata nikiwa ndani, na mchumba wangu hajui sababu. Kuna kliniki niliwatumia picha kwa simu, wakanijibu papo hapo kwamba nahitaji vipandikizi 4,500, kazi wataimaliza siku moja, na punguzo linaisha Jumapili. Fedha ninazo. Je, niende? Daktari mzuri nitamjuaje? Na nisaidie pia kwa hili: nawaza nywele mchana na usiku mpaka najiona mjinga.

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi ni hili: usilipe. Kupandikiza nywele ni upasuaji halali, na ukifanywa na anayeujua matokeo yake hudumu. Tatizo ni kwamba aliyekutajia 4,500 hajagusa kichwa chako. Hajakuuliza baba yako alianza kupata upara akiwa na umri gani, hajui unatumia dawa gani, hajatazama kisogo chako kwa lenzi, wala hajui kama ngozi yako ikijeruhiwa huota makovu makubwa. Ameangalia mahali palipo wazi, akakisia idadi ya kupajaza. Upasuaji huu huanzia kisogoni, mahali nywele zinapochukuliwa, na huko ndiko nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi katika jibu hili.

Lakini kwanza tuwe na hakika ya ugonjwa wenyewe. Mapanja yameanza, utosi umefuata, na ukoo una vipara: inaelekea ni upara wa kurithi. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara huu, na kwamba baadhi yao walipopewa testosteroni, nywele zao zilianza kuondoka. Sasa tunaelewa zaidi. Ndani ya ngozi ya kichwa, kimeng'enya fulani huigeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Kwa mwenye urithi huo, mizizi ya mbele na ya utosini haiivumilii. Kila mzunguko wa kuota unakuwa mfupi kuliko uliopita, na kila unywele unaorudi unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, hadi linabaki laika tu. Vinasaba vyake hutoka pande zote mbili za ukoo, kwa hiyo usimbebeshe lawama baba wala mama.

Pamoja na hayo, nataka daktari wa ngozi akuone ana kwa ana, kwa sababu yapo magonjwa mengine yanayonyonyoa nywele na kila moja lina njia yake. Nywele zikimwagika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji, kujifungua au kupungua uzito kwa ghafla, mara nyingi hurudi zenyewe. Mabaka ya mviringo yaliyo laini hutokana na kinga ya mwili kuishambulia mizizi. Mapunye ni fangasi, nayo hutibiwa kwa dawa za kumeza. Kusuka kwa kubana kwa miaka mingi hung'oa nywele za pembezoni. Ukiacha mapema zinarudi, ukichelewa mizizi inakufa. Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni upara wa makovu, ambapo uvimbe wa ndani kwa ndani unaua mizizi moja kwa moja. Mgonjwa wa aina hii husema kichwa kinawasha au kinaunguza, na ukitazama kwa lenzi unaona ngozi inang'aa, matundu ya nywele yamefutika. Ukipandikiza wakati ugonjwa huo bado uko hai, vipandikizi navyo vitakufa.

Kwako wewe, daktari atatafuta nywele nene na nyembamba zilizoota kwa kuchanganyika mahali pamoja. Hiyo ndiyo alama ya upara wa kurithi. Kisha muombe apeleke lenzi ileile kisogoni na juu ya masikio. Akikuta huko nako nywele nyingi zimekonda, basi kisogo chako chenyewe kinapungua, huna pa kuchota, na mazungumzo ya kupandikiza yanaishia hapo. Uchunguzi huo ni wa dakika chache tu, na hakuna picha ya simu inayoweza kuchukua nafasi yake.

Tukubaliane na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: upasuaji hauzuii upara. Unahamisha mizizi kutoka hapa kwenda pale, na nywele zako za asili zilizobaki zinaendelea kuondoka kama kawaida. Ndiyo maana dawa hutangulia. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Waliokuwa wakiimeza waliota nywele mahali wasipotarajia, ikatengenezwa ya kupaka, na Marekani iliiidhinisha kwa upara mwaka 1988. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, na wengi hukata tamaa hapohapo. Vumilia, ipe angalau miezi minne hadi sita. (Kama unafuga paka, asikurambe kichwa wala kulalia mto wako, maana kwake dawa hii ni sumu.) Finasteridi ya miligramu 1, iliyoidhinishwa kwa upara wa wanaume mwaka 1997, hupunguza DHT na kwa wanaume wengi husimamisha au kupunguza kasi ya kunyonyoka. Madhara yake uyajue kabla ya kuanza. Wachache hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, na wapo waliopata huzuni nzito hata mawazo ya kujidhuru. Ukiona dalili hizo, acha dawa na umwone daktari siku hiyohiyo. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Na siku utakayopimwa tezi dume, taja kwamba unaitumia, kwa sababu hushusha karibu nusu kipimo cha PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi hiyo.

Dawa zote mbili hufanya kazi kwa muda unaozitumia tu. Ukiacha, upara unaendelea. Baiotini inayouzwa kila mahali haina faida kwa mtu asiye na upungufu wake, na inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo. Mimi ningependa uwe kwenye tiba kwa mwaka mzima, ukijipiga picha kila mwezi mahali pamoja na kwa mwanga uleule, kabla mtu hajakugusa kwa kisu. Baada ya mwaka huo tutajua kasi ya upara wako, na huenda ukakuta haja ya upasuaji imepungua.

Sasa kisogoni. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha jambo ambalo kazi yote hii imejengwa juu yake: nywele iliyohamishwa kutoka kisogoni huendelea na tabia ya kisogoni hata ikipandwa katikati ya kipara. Mizizi ya nyuma haisumbuliwi sana na DHT, kwa hiyo inaendelea kuota huko ilikohamia. Ila mzizi ukishatolewa, pale ulipotoka hauoti mwingine. Hiyo ni akiba isiyoongezwa.

Tupige hesabu. Nywele huota kwa vifungu vidogo vya nywele 1 hadi 4, na kila kifungu ndicho kinachoitwa kipandikizi. Kichwa ambacho upara haujakigusa kina vifungu kama 65 hadi 85 kwa kila sentimita moja ya mraba. Wenye nywele za kipilipili mara nyingi wana pungufu ya hapo. Upara hupimwa kwa hatua 7, kipimo alichokianzisha Hamilton na kikaboreshwa na O'Tar Norwood mwaka 1975. Ukifika hatua za juu, eneo lililo wazi linaweza kufikia sentimita za mraba 200. Kulijaza kama lilivyokuwa kungehitaji vifungu 13,000 kwa uchache. Kisogo cha mwanaume wa kawaida hutoa takribani 6,000 maisha yake yote bila chenyewe kuonekana kimekonda, na wengine hawafiki hapo. Kwa hiyo hakuna daktari duniani anayeweza kukurudishia kichwa cha ujana ukishafika hatua hizo. Anachofanya aliye mahiri ni kupanga kichache kionekane kingi.

Chukua zile 4,500 uziweke kwenye hesabu hiyo. Tuseme zimetolewa zote sasa, zikajaza mapanja na kushusha mstari wa mbele uwe kama wa mvulana wa miaka 15. Umebakiwa na kama 1,500, na upara wako una miongo kadhaa mbele yake. Ukifika miaka 40, nywele za asili zilizokuwa nyuma ya mstari ule zitakuwa zimekwenda zake. Wanaume wa namna hii huja kwetu kutafuta marekebisho: mbele kuna ukanda mnene wa nywele, nyuma yake ngozi tupu, na kisogoni madoa meupe mahali palipotobolewa kwa kubanana. Kunyoa kichwa chote hawawezi, makovu yataonekana. Kuongeza nywele hawawezi, hakuna pa kuzitoa. Mtu huyo alikuwa na kipara cha kawaida ambacho angeweza kuishi nacho, na sasa hata hicho hana tena.

Ndiyo sababu mpasuaji anayejua kazi yake atachora mstari wa mbele juu kuliko unavyotaka, na mapanja atayaacha yaingie ndani kidogo, kama yalivyo kwa mwanaume mtu mzima. Usinung'unike. Anachora uso wa mtu wa miaka 50 ambaye hujawa bado. Kwenye mstari wenyewe atapanda vifungu vya unywele mmoja mmoja, kwa kuachana kidogo bila kunyooka, na vile vya nywele tatu au nne ataviweka nyuma zaidi. Utosi wa kijana wa umri wako mara nyingi huuacha, kwa sababu duara la kipara cha utosini hupanuka, na ukipanda katikati yake leo, kesho utabaki na kichaka kilichozungukwa na ngozi.

Njia za kuvitoa vifungu ni mbili. Ya kwanza hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, ikashonwa, na kubakiza kovu la mstari linalofichwa na nywele. Ya pili hutoa kifungu kimoja kimoja kwa sindano ya duara yenye upana wa milimita 1 hivi, na kubakiza vidoa vidogo vilivyotawanyika. Hiyo ya pili hutangazwa kuwa haina kovu. Inalo, ila limegawanywa maelfu.

Kama nywele zako ni za kipilipili, hapa pana jambo zito. Unywele wa aina hiyo umepinda hata chini ya ngozi, mahali usipouona. Sindano ikiingia moja kwa moja kwa kufuata uelekeo wa juu, inakata mzizi katikati, na kifungu kilichokatwa huenda kisiote. Mpasuaji mzoefu hutumia sindano pana kidogo, hubadilisha pembe, na huanza kwa kutoa vichache, avitazame kwa kioo cha kukuza kabla hajaendelea. Muulize amefanya vichwa vingapi vya nywele kama zako, na aonyeshe picha zake. Mwambie pia kama umewahi kuota keloidi, yaani kovu nene linalovimba na kukua, popote mwilini, au kama kisogoni hupata vile vipele vigumu baada ya kunyoa. Hayo hayamaanishi lazima uambiwe hapana, lakini daktari mwangalifu atajaribu eneo dogo kwanza na kusubiri miezi kadhaa aone ngozi inavyopona. Faida yako ni kwamba unywele uliojikunja hufunika ngozi kuliko ulionyooka, kwa hiyo idadi ndogo hukutosha.

Tufike kwa daktari mwenyewe. Swali la kwanza, na kwangu ndilo kubwa: nani atashika kisu? Kazi ina hatua za kuchora, kupiga ganzi, kutoboa na kutoa vifungu, kutengeneza matundu ya kupandia, na kuvipachika. Kutoboa kisogo na kutengeneza matundu ni upasuaji. Hapo ndipo pembe, kina na mwelekeo wa kila unywele unapoamuliwa. Mafundi waliofunzwa wanaweza kusaidia kusafisha na kupachika vifungu mbele ya macho ya daktari. Lakini ziko kliniki ambazo jina la daktari liko kwenye bango tu: anakuja asubuhi, anachora mstari, anapiga picha nawe, anaondoka. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa kurudisha nywele, ISHRS, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimekuwa kikionya juu ya soko hili la watu wasio na leseni. Istanbul, nchini Uturuki, imekuwa kitovu cha biashara hii; wapo huko wapasuaji hodari sana, na yapo maduka ambayo hutamwona daktari. Kwa hiyo usichague nchi. Chagua mtu, kwa jina lake, na jina hilo ulitafute mwenyewe katika orodha ya baraza la madaktari la nchi anayofanyia kazi.

Maswali mengine yatume kwa maandishi ili ubaki na majibu. Kwa siku anahudumia wagonjwa wangapi? Akijibu mmoja au wawili, sawa. Akiwa na vyumba vitano vinavyoendelea kwa wakati mmoja, hayuko kwenye chumba chako. Ganzi anaikokotoaje? Kwa kazi ya saa nyingi lidokaini, yaani dawa ya ganzi, hurundikana mwilini, kiwango chake hukokotolewa kwa uzito wa mtu, na ikizidi inaweza kuleta degedege au kusimamisha moyo. Kwa hiyo awepo daktari na vifaa vya dharura jengoni. Vifungu anavihifadhije vikiwa nje ya mwili? Vinatakiwa vikae kwenye maji ya dawa, vikiwa baridi na vimelowa. Kifungu kikiachwa kwenye kitambaa kikavu hata kwa dakika chache kinaharibika, na hutajua mpaka mwaka upite bila nywele. Nikiwa na miaka 45 na upara ukiwa umesonga, mpango wako kwangu ni upi? Swali hili la mwisho linawachuja wengi. Mwenye mpango atakuchorea kichwa chako cha siku hizo na kukuambia amebakiza akiba kiasi gani. Asiye nao atakupa punguzo jingine.

Picha zao zitazame kwa jicho kali. Ziwe za kabla na za baada ya miezi 12 au zaidi, kwa mwanga na pembe ileile, nywele zikiwa zimelowa au zimechanwa nyuma ili mstari wa mbele uonekane. Dai na picha za kisogo kilichonyolewa, hizo wengi hawazionyeshi. Omba kuzungumza na mgonjwa aliyemaliza mwaka. Anayekupa dhamana ya maisha anaahidi kitu ambacho mwili wako haujakiahidi. Na ukimpata daktari aliyekutazama vizuri akakuambia "bado, rudi baada ya mwaka", huyo mshike. Amekataa fedha yako leo kwa ajili ya kichwa chako.

Ukifika siku ya kupandikizwa, ujue mapema kwamba nywele zilizopandwa hudondoka kati ya wiki ya pili na ya sita hivi. Usishtuke, mizizi imebaki ndani. Zinaanza kuchomoza mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana baada ya miezi 12, utosini hata 18. Maumivu yanayoongezeka, usaha, homa, au ngozi kugeuka nyeusi mahali palipopandwa si vya kusubiri: mwone daktari siku ileile.

Sasa lile uliloliweka mwishoni. Huo si ujinga. Uso wako unabadilika bila ruhusa yako katika umri ambao bado unajitambulisha kwa watu, na huzuni inayokuja na hilo ni ya kweli. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba kofia imeanza kukuamulia mambo. Mwambie mchumba wako. Huna haja ya kutafuta siku maalumu. Vua kofia, mwambie hili limekuwa likikusumbua kwa miaka minne. Kuna uwezekano mkubwa ameshaona, na kinachomsumbua yeye ni kutojua kwa nini unajifungia. Nyoa fupi kabisa kwa mwezi mmoja ujionee, kwa sababu nywele fupi hupunguza tofauti kati ya palipo na nywele na pasipo nazo, na isipokupendeza zitaota. Unga wa kufunika ngozi, wigi, na nukta za tatuu zinazoiga nywele zilizonyolewa ni njia za heshima, na wapo wanaozitumia kwa furaha bila kuingia chumba cha upasuaji kabisa.

Lakini kama unajitazama kwenye kioo mara nyingi kwa siku, umeacha kwenda mahali, usingizi umekatika, au umefika pa kutamani usiwepo, mwone daktari wa afya ya akili wiki hii, na kama ni hilo la mwisho, mwambie mtu wa karibu leo. Mpasuaji makini akiziona dalili hizo hatakupasua kwanza, kwa kuwa mtu aliye katika hali hiyo mara nyingi haridhiki hata kazi ikitoka vizuri. Na finasteridi usiianze mpaka daktari huyo awe amekuona na anajua unakusudia kuitumia.